Sahani ya Mtoto Asiyelipiwa

Jumapili ya 18 ya Mwaka A
Masomo: Isa 55:1-3, Rum 8:35, 37-39, Mt 14:13-21



Masomo ya Jumapili hii yanazungumzia chakula, tena kwa namna inayopingana na desturi ya soko. Katika somo la kwanza nabii Isaya anawaalika wenye kiu na wenye njaa, na anawataja waziwazi wale wasio na fedha: nao waje, wapate, wale. Sokoni hakuna mwito wa namna hiyo. Wahenga wetu waliijua dunia waliposema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini Mungu, kwa kinywa cha nabii wake, anauita mkono mtupu uje mezani.

Katika Injili tunaona makutano makubwa nyikani, jioni imefika, na chakula hakuna. Wanafunzi wa Yesu wanatoa shauri ambalo kila mwenye busara ya kibinadamu angelitoa: watu waagwe, waende vijijini, kila mtu akajinunulie chake. Bwana analikataa shauri hilo. Anasema watu hawana haja ya kuondoka, na anawaagiza wanafunzi wenyewe wawape chakula. Kisha anafanya jambo ambalo tusilipite haraka. Kabla ya kuibariki mikate, anaamuru watu wote waketi kwenye majani. Wote wanakaa kwanza. Chakula kinakuja baadaye. Hakuna aliyeulizwa alileta nini kutoka nyumbani, wala aliyewekwa kando mpaka wengine washibe.

Ndugu wapendwa, katika lugha yetu neno "wanafunzi" lina maana mbili. Ni wale waliomfuata Bwana, na ni watoto wetu wanaokwenda shule kila asubuhi. Katika Injili ya leo, wanafunzi ndio waliotaka watu waondoke na njaa yao. Katika shule zetu nyingi leo, wanafunzi ndio wanaoondolewa na njaa yao. Juu ya hawa wa pili tunapenda kutafakari pamoja nanyi Jumapili hii.

Hali yenyewe twaijua sote. Tangu Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule zake, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliogawa majukumu, uliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi, pamoja na sare na madaftari. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, akataka mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Basi shule nyingi zikafuata njia ya makubaliano: wazazi hukutana, kamati ya shule hueleza mahitaji, na kila mzazi huahidi kuleta kiasi fulani cha mahindi na maharage, pamoja na fedha kidogo ya mpishi, ya mafuta na ya chumvi.

Mpango huo ni mzuri, na walioubuni wanastahili sifa. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata uji, akatembea kilometa nne au tano, hawezi kufuata hesabu saa saba mchana kwa tumbo tupu. Kila mwalimu ameona jinsi macho ya watoto yanavyolegea baada ya mapumziko ya mchana mahali ambapo hakuna chakula, na jinsi yanavyochangamka mahali ambapo sufuria la makande limepita.

Lakini ndani ya mpango huo mzuri umeingia mlango wa huzuni. Si wazazi wote wanaotimiza ahadi. Wengine ni wajane. Wengine ni mabibi wanaolea wajukuu wanne au watano walioachwa yatima. Wengine mvua iliwapita, wakavuna mapumba. Ndipo daftari la michango linapoletwa jikoni. Kengele inapogongwa, watoto wanajipanga na sahani zao, na jina linasomwa: huyu amelipiwa, huyu hajalipiwa. Aliyelipiwa anapakuliwa. Asiyelipiwa anaambiwa akae pembeni, au asubiri aone kama kutabaki ukoko.

Tazameni, ndugu, jinsi tulivyo watii wa sheria kwa nusu. Imeagizwa kwamba mtoto asifukuzwe darasani kwa sababu ya mchango, nasi hatumfukuzi darasani. Tunamfukuza kwenye foleni ya chakula. Na mtoto aliyefukuzwa kwenye foleni siku kumi mfululizo, siku ya kumi na moja darasani hayumo. Hakuna aliyemwambia aache shule. Ameiacha mwenyewe, kwa sababu shule imekuwa mahali pa kuaibishwa.

Watoto hawa wana hekima yao ya kuficha aibu. Mmoja atasema tumbo linamuuma, hataki kula. Mwingine atakwenda nyuma ya madarasa, chini ya mwembe, atachezea mawe mpaka kengele ya pili. Mwingine atajitia kusoma kitabu. Na binti wa darasa la sita au la saba, ambaye amechoka kuona wenzake wakila, atakutana njiani na mtu mzima mwenye pikipiki atakayempa lifti na sahani ya chipsi. Wazazi na walezi, wengi wenu mwajua mwisho wa safari hiyo. Tunapolia juu ya mimba za utotoni, tukumbuke kwamba nyingine zilianzia pembeni mwa sufuria la shule, siku ile binti alipoambiwa jina lake halimo daftarini.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mwalimu mkuu. Yeye amekaa kati ya moto miwili. Akimlisha kila mtoto, wazazi waliotoa watanung'unika kwamba mahindi yao yanaliwa na watoto wa wavivu, na mwaka ujao nao hawatatoa. Akimnyima asiyelipiwa, dhamiri yake inamchoma. Ghala likikauka mwezi wa Oktoba, lawama zote ni zake. Na manung'uniko ya wazazi waliotoa yana sehemu yake ya haki. Mama aliyeuza kuku wake ili atimize mchango, halafu akamwona jirani mwenye ng'ombe wanane hakutoa hata kibaba, ana sababu ya kuumia.

Wapo pia wanaojitetea kwa Maandiko. Husema Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini aliwaandikia watu wazima wenye nguvu, waliokuwa wakizurura na kujishughulisha na mambo ya wengine huku wakila jasho la ndugu zao. Hakumwandikia mtoto wa darasa la pili. Mtoto huyo hana shamba la kulima, wala hakuketi katika mkutano wa wazazi akaahidi debe. Tena mara nyingi ndiye aliyebeba kuni zilizopikia chakula hicho na kuchota maji yaliyoosha sahani. Kama tutashika neno la Mtume barabara, basi huyu alikwisha kufanya kazi yake; apakuliwe.

Tukitaka neno la Mtume Paulo linalohusu jambo letu moja kwa moja, tufungue Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Wakristo wa Korintho walikutanika kwa chakula cha Bwana, lakini wenye uwezo walikula vyao mapema wakashiba, na maskini walibaki na njaa wakitazama. Mtume aliwakaripia kwa ukali mkubwa. Aliwaambia kwamba kwa kufanya hivyo wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Angalieni, ndugu: alitaja aibu. Njaa ya tumbo ilikuwa mbaya, lakini kumfanya maskini aone haya mbele ya chakula cha pamoja kulikuwa kosa dhidi ya mwili wa Bwana wenyewe. Na katika sura hiyohiyo ndimo tunamosoma jinsi Yesu alivyoweka Ekaristi. Mtume hakuyatenganisha mambo hayo mawili, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenganisha.

Msidhani aibu hii ni ya nchi maskini tu. Marekani ina sheria ya chakula cha mchana shuleni tangu mwaka 1946, na ni nchi yenye ghala zilizojaa. Hata huko, katika shule kadhaa, mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na deni alinyang'anywa sahani ya chakula cha moto, kikatupwa kwenye pipa la taka mbele ya macho yake. Wengine walipigwa muhuri mkononi kama barua, ili mzazi akumbushwe deni. Mwaka 2017 jimbo la New Mexico lilitunga sheria ya kukataza mambo hayo. Lilisema deni lizungumzwe na mzazi, si na mtoto. Mtoto asipewe kazi za adhabu, wala asivikwe bangili au alama ya kumtambulisha kuwa ni mdaiwa. Tunajifunza kwamba wingi wa chakula hauponyi ugonjwa huu wenyewe. Kinachouponya ni uamuzi wa watu wazima.

Na hapa jirani tuna mfano wa bangili ya namna nyingine. Jijini Nairobi, mwaka 2023, serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa chakula uitwao Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo mmoja, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Malipo hufanywa kwa simu, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye chombo, akapakuliwa. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mfua nguo wananyosha mikono iliyovikwa bangili ileile. Bangili ya kule Marekani ilimtenga mwenye deni. Ya Nairobi haionyeshi nani ana nini. Shule zetu za vijijini hazina vyombo hivyo, wala si lazima ziwe navyo. Jambo la kujifunza ni moja: mahali pa kudai pawe mbali na mahali pa kupakua.

Hilo ndilo neno letu la leo, ndugu wapendwa, na tungependa liingie mioyoni. Deni ni la mzazi, na adaiwe mzazi. Sahani ni ya mtoto, na mtoto apakuliwe. Daftari la michango lina mahali pake: katika kamati, katika mkutano wa wazazi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na hata nyumbani kwa mdaiwa jioni, kwa heshima. Lakini jikoni daftari lisifike.

Tutaulizwa: chakula kitatoka wapi? Nao wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo, na Bwana hakukasirika. Aliwataka walete walicho nacho. Basi nasi tuhesabu tulicho nacho. Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 400, na 40 kati yao hawakulipiwa. Chakula kilicholetwa kwa ajili ya watoto 360 kikigawiwa kwa wote 400, kila sahani itapungua sehemu moja ya kumi. Kama sahani ni vijiko ishirini, kila mtoto atatoa vijiko viwili, na hakuna atakayekaa chini ya mwembe. Hata kabla ya msaada wowote kutoka nje, shule hiyo inaweza kula pamoja.

Lakini tusiwaachie watoto peke yao kutoa. Mtoto akipikiwa gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo katika mwaka atahitaji kilo 19 na kidogo, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Kwa watoto 40 ni magunia yasiyotimia manane ya kilo 100. Parokia yenye jumuiya ndogo ndogo arobaini itashindwaje? Kila jumuiya ikimchukua mtoto mmoja, ni debe moja na kitu, na bakuli chache za maharage, kwa familia kumi na tano au ishirini. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya mambo matatu.

La kwanza ni kujua. Katika jumuiya yenu, familia ipi haikuweza kutimiza mchango wa chakula? Ulizeni kwa siri na kwa upendo. Orodha hiyo isisomwe kanisani wala isibandikwe ukutani. Mkisoma majina ya wasaidiwa hadharani, mtakuwa mmeihamisha aibu kutoka jikoni hadi altareni.

La pili ni kutoa kwa wakati wake. Sasa ni kiangazi, na katika mikoa mingi mavuno yamo ghalani. Debe la mahindi sasa lina bei nafuu. Likingojewa hadi Januari litakuwa ghali, na mwezi huo mzazi anakabiliwa na sare, madaftari na viatu kwa pamoja. Kamati za shule zikikubaliana na wazazi kukusanya chakula mara baada ya mavuno, wengi wanaoonekana kuwa wakaidi wataonekana kuwa watu wema waliokuwa wakidaiwa wakati mbaya. Na asiye na mahindi akubaliwe kutoa alicho nacho: siku mbili za kulima shamba la shule, mzigo wa kuni, au kazi ya kukarabati jiko. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi ya uzalishaji. Shamba hilo, likilimwa vizuri na wazazi pamoja na watoto, lingeweza kuwa akiba ya wale wasiolipiwa.

La tatu ni kusema ukweli kwa wenye uwezo wasiotoa. Wapo, nasi tusiwafiche nyuma ya wajane. Yupo baba ambaye kwa juma moja hunywa pombe yenye thamani ya debe, na mtoto wake anakaa pembeni mwa sufuria. Baba huyo afuatwe na wazee wa jumuiya, aambiwe wazi, tena bila kumwogopa. Asitafutiwe njia ya mkato kwa kumtesa mwanawe, maana mtoto wake alikwisha kuteswa na pombe. Asiteswe mara ya pili na mpishi. Nanyi mliotoa, msihesabu kuwa mmeibiwa pale mtoto wa huyo anapokula mahindi yenu. Mtoto huyo ameketi dawati moja na mtoto wenu. Akishiba, darasa lote linatulia. Akiwa na njaa, darasa lote linajua.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia katika karne ya 4, alipofafanua Injili hii ya Mathayo aliwafundisha waamini wake kwamba haifai kuipamba meza ya altare kwa vikombe vya dhahabu huku Kristo anakufa kwa njaa katika maskini. Parokia nyingi zina mifuko ya kujenga mnara, ya kununua kengele, ya kuweka vigae sakafuni. Hayo ni mambo mema, na Mungu huyapokea. Lakini katika parokia ambayo shule iko umbali wa kutupa jiwe kutoka kanisani, na saa saba mchana watoto wake waliobatizwa wanakaa kando na sahani tupu, mnara ungoje kidogo.

Turudi katika Injili. Mwinjili Mathayo ametuachia jambo ambalo Wainjili wengine hawakulitaja wazi. Anasema walaji walikuwa wanaume kama elfu tano, bila kuhesabu wanawake na watoto. Mara nyingi tunasikitika kwamba wanawake na watoto hawakuhesabiwa. Lakini angalieni vizuri: hawakuhesabiwa, na bado walikula, wakashiba. Kwa Bwana Yesu mtoto hakuwa na haja ya kuwa katika hesabu ili apate mkate. Kwetu sisi watoto wanahesabiwa kila siku, jina kwa jina, ili ijulikane nani asile. Na Mwinjili Yohane, anaposimulia muujiza huo, anaongeza kwamba ile mikate mitano na samaki wawili vilikuwa mikononi mwa mtoto. Chakula cha umati mzima kilitoka kwa mtoto. Tutamnyima mtoto vijiko vichache vya makande?

Enyi watoto mnaotusikiliza, tuna neno moja kwenu pia. Ikitokea mwenzako akae kando wakati wa chakula, usimcheke, wala usimwulize mbele ya wengine kwa nini hakulipiwa. Mwite, mle sahani moja. Ukifanya hivyo, umeielewa Injili ya leo kuliko watu wazima wengi.

Nanyi wazazi ambao kweli hamna, msimfiche mtoto nyumbani kwa kuona haya. Nendeni kwa mwalimu mkuu na kwa kiongozi wa jumuiya, mseme hali yenu. Umaskini si dhambi, na kuomba kwa ajili ya mwana si fedheha. Mtume Paulo katika somo la pili anatuhakikishia kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Kristo, na katika orodha yake ameitaja dhiki, ameitaja na njaa. Ikiwa njaa yenyewe haiwezi kututenga na upendo huo, basi daftari la michango lisijaribu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaketisha wote kwenye majani kabla ya kuumega mkate, utujalie kuwaketisha watoto wetu wote pamoja. Uwape moyo walimu na wapishi wa shule zetu. Uwalainishe wenye uwezo wasiotoa, na uwafariji wasio nacho. Uzibariki jumuiya zetu, ili mwaka huu pasiwepo mtoto wa parokia yetu atakayeambiwa akae pembeni saa ya kula. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.